Vibati vya Tumbo Namba Tatu

SURA YA SITA

Serangi alikataa katakata. Inspekta alikuwa na kitambulisho, alikuwa na barua ya mkuu wa kituo, alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuwahoji watu wasiotaka kuhojiwa, lakini hakuwa na kibati, na bila kibati hakuna anayeshuka kwenye tumbo la meli.

"Hata mwenye meli akija na tai yake anatundika," alisema Serangi. Yeye ndiye msimamizi wa genge la makuli, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili, ingawa tangu jana asubuhi sauti hiyo ilikuwa imepungua sana. "Chukua hiki. Arobaini na moja, cha wageni."

Inspekta akakigeuza kiganjani. Kilikuwa kijibati cha mviringo chenye tundu moja. "Na nikisahau kukitundika?"

"Usisahau."

"Kwa nini?"

Makuli sita waliosimama nyuma wakatazamana na kubana vicheko. Alikuwa na siku mbili tu pale bandarini, na tayari walishampa jina: Mama Kwa Nini.

Ubao ulikuwa umefungwa ukutani, hatua tano kutoka mdomo wa tumbo namba tatu, na ulikuwa na safu mbili za misumari. Ya chini imepakwa rangi nyekundu, ya juu kijani. Anayeshuka hutundika kibati chake kwenye nyekundu. Akitoka hukipandisha kwenye kijani. Vyote vikiwa juu, maana yake chini hakuna mtu na mfuniko unaweza kufungwa. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi hivyo, na Inspekta alikuwa na tabia mbaya ya kutoamini kitu chochote kilicho rahisi.

Juzi alasiri mvua ilipoanza, vibati vyote vilikuwa juu, na tumbo likafungwa ili magunia ya mashudu yasilowe. Jana asubuhi walipolifungua walimkuta kuli mmoja, jina lake la kazini Twiga, amekufa chini ya ngazi ya nyuma, kisogo kimepasuka. Kibati chake, namba kumi na sita, kilikuwa kwenye kijani pamoja na vya wenzake. Maiti haipandi ngazi kwenda kutundika kibati. Watu wawili walimwona aliyekipandisha, naye ni Kobe, kaka wa mke wa marehemu. Huyu Kobe siku tisa kabla alikuwa amemkunja Twiga shati mbele ya genge zima na kumwambia, "Ukimnyanyulia tena dada yangu mkono, nitakuua."

Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikuwa imekwisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Inspekta kwenye simu asubuhi ile. "Unasubiri nini? Meli inaondoka saa nane mchana. Akikiri, vizuri. Asipokiri namfungulia shtaka la mauaji hivyo hivyo alivyo."

"Kuna mambo mawili hayajanikalia sawa, mkuu. Kulabu ya marehemu haijaonekana. Na daktari amekuta chembe nyeupe kwenye nyusi na nywele zake."

"Si mashudu hayo?"

"Mashudu ni ya kahawia, mkuu."

Mkuu alikata simu bila kuaga.

Ndiyo maana saa tano na nusu Inspekta alikuwa kwenye sitaha, mawingu yamemwinamia kichwani, kijidude cha manjano cha kupimia hewa kikining'inia kiunoni. Serangi alikuwa amekishusha kwa kamba mpaka chini, akamwonyesha kipimo cha oksijeni kwa asilimia. Ishirini nukta nane.

"Hapo unapumua kama uko nyumbani," alisema. "Ikishuka chini ya kumi na tisa na nusu kitalia. Kikilia usiulize kwa nini, toka. Mashudu ni mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, watu wanaona chakula cha ng'ombe tu. Ukiyafungia yanapata joto, yanakula hewa yote mle ndani, na harufu wala haibadiliki."

"Nikimaliza?"

"Ukimaliza tunafunga. Magunia yaliyobaki yanakwenda bandari ijayo. Siku nne baharini, na halifunguliwi tena mpaka wafike."

Kobe aliletwa na konstebo, pingu mkononi. Alikuwa mfupi mpana wa mabega, na jina lake alilipata kwa mwendo. "Habari za kazi," aliwaambia wenzake. Hakuna aliyeitikia. Mzee wa genge, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka na kuitwa Babu Kofia, aligeuza uso akatazama maji.

"Mfungue," Inspekta alimwambia konstebo. "Hawezi kushuka ngazi na pingu."

"Akikimbia je, afande?"

"Nikimbilie wapi?" alisema Kobe. "Chini kuna magunia."

Inspekta alitia pingu kwenye mkoba, kisha akamtuma konstebo aende kantini ya bandari akachukue maelezo ya mwendesha winchi. "Ukimaliza usinisubiri huku. Tukutane kituoni." Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, na baadaye hakuwa na wa kumlaumu.

Walitundika vibati, wakashuka kwa ngazi ya mbele pamoja na makuli sita waliopewa kazi ya kuhamisha magunia yaliyoziba njia. Ngazi ya nyuma haikuwa ya wazi kama ya mbele. Ilijengwa ndani ya shimo refu la chuma, mita tisa kwenda juu, lenye mlango mwembamba chini na kifuniko kidogo juu kwenye sitaha. Maiti haikupitishwa humo kwa wembamba wake; ilitolewa kwa winchi kupitia mdomo mkubwa. Makuli walipomaliza kusafisha mlango, Inspekta aliwaambia wasubiri kule mbele, akaingia shimoni na Kobe.

"Alilala wapi?"

"Hapo ulipokanyaga."

Inspekta akasogeza mguu. Kwenye kipago cha pili cha ngazi kulikuwa na alama ya damu iliyokauka, na nywele mbili. Jana aliiona kwenye picha tu, akaandika: *pengine aligongeshwa kichwa.* Leo aliipima kwa kiganja. Ilikuwa chini mno. Wa kumgongesha mtu mrefu kama Twiga kwenye kipago kile angelazimika kumlaza kwanza.

"Mvua ilipoanza ulikuwa wapi?"

"Magunia ya kati."

"Yeye?"

"Huku. Tangu tununiane alikuwa hapumziki na sisi. Hata chakula alikuja kula huku peke yake."

"Ulimwona akitoka?"

Kobe aliokota uzi wa gunia, akauzungusha kidoleni.

"Kobe. Watu wawili wamekuona ukipandisha kibati chake."

"Nimeshawaambia kituoni. Andikeni mnavyotaka."

"Sikuja kuandika ninavyotaka. Hiyo ningeifanya mezani kwangu, kwenye kiti."

Kwa mbali king'ora kikalia, kile kinachoashiria mvua. Inspekta alikisikia, lakini alikuwa amepiga magoti anamulika damu kwa tochi, na alijiambia dakika moja tu. Dakika ile ilimtosha kuchora kipago kwenye daftari. Kisha juu yao kukalia chuma kwa chuma, mwanga wa mle shimoni ukakatika kama umepulizwa, na skrubu zikasikika zikikazwa, moja, mbili, tatu, nne.

"Oya!" Kobe alipiga kelele. "Tupo! Tupo chini!"

Inspekta alikimbilia mlango mwembamba. Kule mbele mfuniko mkubwa ulikuwa unatambaa juu ya reli zake, unaguguma na kulia, na mvua ilikuwa inapiga bati lake kwa kishindo. Makuli hawakuwepo tena. Ukanda wa mwanga ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukaisha.

Walipiga kelele mpaka koo zikakauka. Kobe alipanda ngazi ya mbele akagonga mfuniko kwa ngumi, kisha kwa kiatu, na bati lile pana lilimeza kila kitu. Mvua ya juu ilikuwa na sauti kuliko wao. Simu ya Inspekta haikuwa na mtandao hata mstari mmoja.

"Watarudi," alisema Inspekta. "Wataona vibati vyetu viko chini."

Kobe alimtazama kwenye mwanga wa tochi. "Vingekuwa chini, wasingefunga."

Inspekta alifungua mdomo kuuliza kwa nini, akaufunga.

Saa yake ilionyesha saa sita na dakika tano. Konstebo hatamsubiri. Serangi ataona vibati juu na kudhani wameshashuka kwenye gati. Mkuu wa kituo atapiga simu isiyopatikana, atatukana kidogo, kisha atakwenda kula. Na saa nane meli itaondoka. Aliogopa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi aliitumia hofu ile kutazama kipima hewa. Ishirini nukta tano.

"Turudi kwenye shimo la nyuma," alisema Kobe. "Tupande juu kabisa. Kifuniko kile ni kidogo, labda skrubu zake zitalegea."

Walipanda, Kobe mbele, Inspekta nyuma na tochi menoni. Chini ya kifuniko kidogo palikuwa na ubao wa chuma wa kusimama watu wawili waliobanana. Kobe aliegemeza bega lake pana, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kifuniko hakikutikisika.

Inspekta alimulika juu ili aone skrubu. Hakuna skrubu iliyofikika kwa ndani. Lakini aliona kitu kingine, akamshika Kobe bega. "Sogea."

Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umepakwa rangi nyeupe. Katikati rangi ilikuwa imechubuliwa, mikwaruzo mingi mifupi, mingine imepita rangi mpaka chuma. Alipitisha kidole. Chembe nyeupe zilimdondokea usoni, kwenye nyusi.

Akapeleka tochi kushoto. Bomba nene kama mkono lilipanda ukutani toka chini mpaka kwenye sitaha, na katikati ya bomba na ukuta kulikuwa kumechomekwa kulabu ya kuli, ile ya kuvutia magunia. Kwenye mpini wake wa mti kulichomwa namba kwa moto. Kumi na sita.

Kifuniko kikiwa wazi, hakuna anayeinama kutazama mgongo wake. Ilibidi mtu afungiwe ndani yake ndipo aone.

"Alikuwa hai," alisema Inspekta taratibu. "Unasikia, Kobe? Mfuniko umefungwa na Twiga akiwa hai. Amepanda mpaka hapa, amegonga kwa kulabu. Muda mrefu, tazama wingi wake. Akachoka, akaichomeka hapa ili apumzike. Hewa ikamwishia, mikono ikalegea, akaanguka mita tisa. Kisogo kikapata kipago cha pili." Akashusha tochi. "Hakuna aliyempiga."

Alitegemea Kobe atashukuru, au atalia, au walau atasema "nilikwambia." Kobe aliishika ile kulabu kwa mikono miwili, akaibonyeza kifuani.

"Muda mrefu kiasi gani?" aliuliza.

"Sijui."

"Saa moja? Saa tatu?"

"Kobe, sijui."

Chini yao, mbali, kitu kikaanza kutetemeka. Mtetemo ulipanda kwa ngazi ukaingia kwenye nyayo. Mitambo ya meli ilikuwa inapashwa moto. Kipima hewa kilionyesha ishirini nukta moja. Inspekta alikishusha shimoni kwa ile kamba ya Serangi, iliyokuwa bado imefungwa kwake, akakivuta tena: huko chini kilikuwa kumi na nane na nusu, na kilikuwa kinalia. Alikizima sauti kwa kukikumbatia mpaka kikatulia.

Alipapasa mfukoni. Alikuwa ameacha sigara mara tatu na kiberiti cha gesi hakuwahi kukiacha. Serangi alikuwa amemwonyesha asubuhi kitundu kidogo cha bomba linalonusa moshi na kupeleka habari kwa nahodha. Akachana karatasi ya daftari, akaikunja.

Kobe alimshika mkono kwa nguvu. "Usiwashe."

"Moshi ukifika juu watafungua."

"Hawafungui. Mashudu yakiungua huwa hawayafungulii, moto ungepata hewa. Wanaziba kila tundu halafu wanajaza gesi ya kuulia moto. Ile haichagui, afande. Itatuua sisi kabla ya huo moto."

Inspekta alikitazama kiberiti, kisha mkono uliomshika, mkono wa mtu ambaye saa moja iliyopita alikuwa mshukiwa wa mauaji. Akakirudisha mfukoni. Jasho lilimtiririka ndani ya shati.

"Basi niambie wewe. Kazi hii ni yako. Kuna nini kingine?"

Kobe aliweka kiganja kwenye lile bomba nene. "Hili ni la kupimia. Kabla meli haijaondoka, baharia anafungua kizibo huko juu, anateremsha utepe wenye kichuma mpaka chini kabisa, aone kama kuna maji yameingia. Kila tumbo."

"Tukigonga atasikia?"

"Akiwa anapima, atasikia hata kikohozi."

"Sasa hapo tatizo ni nini?"

"Mvua inanyesha. Na tumbo hili kila siku ni kavu. Wengine hawapimi. Wanaandika namba ya jana."

Ikawa hivyo. Wakasimama wamebanana, viganja vyao vinne juu ya bomba, wanasubiri kuona kama kuna mtu mmoja kwenye meli ile atakayefanya kazi yake kwenye mvua. Saa sita na dakika hamsini. Kumi na tisa nukta tisa. Inspekta alianza kuona kichwa kizito, na akajua kwamba akinyamaza atasinzia. Basi akafanya alilozoea.

"Vibati vyetu nani amevipandisha?"

"Sijui."

"Wewe huwezi kuwa. Uko hapa na mimi. Kwa hiyo yupo mtu mwingine anayepandisha vibati vya watu. Na aliyepandisha leo hana kisa na mimi wala na wewe. Kwa nini afanye hivyo?"

Kobe alishusha pumzi. Alipoanza kusema, alisema akilitazama bomba.

"Wa kwanza kufika juu huwapandishia wenzake. Mvua ikianza, watu kumi wakipanga foleni kwenye ubao, wote wanalowa. Basi mmoja anavipandisha vyote. Uongozi wa bandari ukijua, wanatufukuza genge zima. Ndiyo maana hakuna aliyekwambia."

"Na ndiyo maana na wewe ukanyamaza."

"Siyo hiyo."

"Ni nini basi?"

"Tuna utaratibu wetu, afande. Sisi siyo wajinga. Unaita. Unashika kibati, unaita jina, mtu akijibu 'yupo' unapandisha. Asipojibu unakiacha. Miaka yote hatujawahi kumwacha mtu. Juzi nilikuwa wa kwanza. Nikaita mmoja mmoja, wanajibu. Nikafika kumi na sita. Nilikuwa simsemeshi. Nilikuwa nimeapa kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu mpaka aende akamwombe dada msamaha. Nikasema moyoni, atakuwa yuko nyuma yangu hapo, anajifanya hanioni kama kawaida yake. Nikakipandisha, nikapita."

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili Inspekta hakutafuta swali lingine.

"Ningeita tu," alisema Kobe. "Hata kwa hasira. Hata kwa tusi."

Kumi na tisa nukta sita. Mtetemo wa mitambo ulibadilika, ukawa mzito. Inspekta aliegemeza paji la uso kwenye chuma baridi. Aliona usingizi unakuja mtamu, akajiuma ulimi.

Kipima hewa kikaanza kulia, na safari hii hakikuwa chini shimoni, kilikuwa kiunoni pake. Akakibana kwa kiwiko ili asikie bomba.

"Afande," alinong'ona Kobe.

Ndani ya bomba kitu kilikuwa kinakwaruza. Kinashuka, polepole, kinagonga ukuta wa kushoto, kinagonga wa kulia.

Kobe aliinua kulabu ya shemeji yake akagonga bomba.

"Usigonge ovyo!" Inspekta alimshika. "Atadhani ni mitambo. Mara tatu, pumzika. Mara tatu, pumzika."

Tatu. Pumzika. Tatu. Pumzika. Ule mkwaruzo ukasimama. Walingoja. Mkwaruzo ukaanza tena, lakini sasa unapanda, haraka, na ukaisha. Kobe akagonga tena, na tena, na akaendelea kugonga hata Inspekta alipomwambia inatosha. Kwa muda ambao baadaye hakuna kati yao aliyeweza kuukadiria, hakukuwa na kitu kingine duniani isipokuwa kulabu na bomba. Kisha juu ya vichwa vyao skrubu ya kwanza ikalia.

Baharia aliyewafungulia alikuwa kijana mwembamba aliyelowa chapachapa, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Alisema maneno mengi kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, akamvuta Inspekta kwa makwapa kama anayetoa gunia. Inspekta alilala chali kwenye sitaha, mvua ikamwingia mdomoni, akainywa.

Aliposimama, Serangi alikuwa ameshafika mbio na genge lake, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Wote walitazama ubao. Kumi na saba, cha Kobe, na arobaini na moja, cha wageni, vilikuwa kwenye safu ya kijani, vimekaa sawasawa.

"Nani ametupandishia?" aliuliza Inspekta.

"Semeni!" alifoka Serangi, lakini macho yake yalikuwa chini.

"Mimi," alisema Babu Kofia. "Mvua ilikuwa kubwa. Wa kwanza huwapandishia wenzake. Ndivyo tufanyavyo miaka yote, na wewe Serangi unajua, tusidanganyane mbele ya serikali."

"Huwa mnaita majina," alisema Inspekta.

Mzee alishtuka kwamba anajua. "Tunaita."

"Leo uliita?"

"Niliita watano. Wakajibu."

"Na Kobe?"

Babu Kofia alivua kofia yake ya sufu. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyeupe kabisa, na mvua ilikipiga bila huruma. "Tangu jana hakuna anayemsemesha, afande. Tulikubaliana. Mtu aliyemuua shemeji yake... Nilifika kwenye kibati chake nikakipandisha kimya kimya. Chako nacho, maana ulikuwa naye. Nilijua mmetangulia kwa ngazi ya nyuma."

Makuli wakajitenga kidogo, wakampa Kobe nafasi. Kila mmoja alijua angefanya nini kama angekuwa yeye, na kulabu bado ilikuwa mkononi mwake. Serangi alisogea akae katikati yao.

Kobe hakupandisha mkono. Alimtazama yule mzee kwa muda, uso wake ukakunjana.

"Hata mimi, Babu," alisema. "Juzi. Nilipofika kwake sikuita."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Babu Kofia alimwendea, akamshika kichwa akakilaza begani pake, na watu wazima wawili wakalia pale kwenye sitaha bila kujificha, na baharia wa kigeni amesimama na utepe wake hajui atazame wapi.

Simu ya Inspekta, iliyokuwa imepata mtandao, ikaanza kutetemeka. Ni mkuu. Aliipokea.

"Uko wapi wewe? Amekiri?"

"Mkuu, Twiga alifungiwa akiwa hai. Aligonga mpaka hewa ikaisha, akaanguka. Kulabu yake ninayo na alama zipo. Meli haiondoki. Zuia karatasi zake, na mwite mtu wa uongozi wa bandari aje aone ubao wao. Hakuna mauaji."

"Kibati je? Kibati nani alipandisha?"

Inspekta aliwatazama watu wale saba waliolowa. "Nitakuandikia yote," alisema. "Na ni mambo ya kuandika kwa utulivu, mkuu, si kwenye simu." Akakata yeye, safari hii.

Kobe alikuwa mbele yake. "Afande. Niazime hiyo simu. Dada hapokei yangu tangu jana. Ya kwako atapokea."

"Atasoma kwenye taarifa, Kobe. Si lazima umwambie wewe."

"Asisome. Nimwambie mimi."

Inspekta alimpa. Kobe alibonyeza namba kwa kidole kimoja, taratibu kama afanyavyo mambo yote, akageukia ukuta ili mvua isiingie kwenye simu.

"Dada," alisema. "Ni mimi. Usikate." Akapumua. "Mumeo hakupigwa na mtu. Alifungiwa. Kibati chake nilikipandisha mimi, na sikumwita jina. Nilikuwa nimemnunia kwa ajili yako. Sikumwita, dada."

Akasikiliza. Muda ukapita. Inspekta aliona mgongo wake mpana unatikisika, na hakujua kama huko upande wa pili mtu analia au anatukana au ameshaweka simu chini.

Kobe aligeuka, kiganja kimefunika simu. "Anauliza niko wapi," alisema, kama mtoto anayeomba ruhusa. "Anauliza kama nitakuja."

"Mwambie unakuja," alisema Inspekta. "Mwambie nakuleta mimi mwenyewe, sasa hivi."